Vigingi vya Masale

Asubuhi ile uwanja wa ofisi ya kijiji cha Mkoreni ulikuwa mtupu, na Kindness, aliyeshuka kutoka nyumba ya nesi na mtoto mgongoni na sepetu begani, alidhani amewahi mno. Akaitua sepetu, akamkaza vizuri Anaeli kwenye kanga, akangoja. Nyuma ya ofisi mabomba meusi ya halmashauri yalikuwa yamelala mizingo mizingo, yameloa umande. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kuchimba mtaro wa maji, ulitangazwa kanisani Jumapili, baada ya ibada, na mzee wa kanisa aliurudia mara mbili ili asije mtu akasema hakusikia. Kila nyumba mtu mmoja, na jembe lake.

Alikuja mtu mmoja tu. Mwenyekiti wa kijiji, Sifael, alitokea kwenye migomba akitembea kama mtu anayekwenda kutoa taarifa ya msiba, akaketi kwenye benchi la nje na kuliweka jembe katikati ya magoti.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Mtoto amelala?"

"Amelala. Watu wako wapi?"

"Watu wapo majumbani, wanakunywa chai." Sifael alikuna kidevu. "Hawaji, mwanangu. Leo hawaji, na kesho usiwategemee."

"Wamekasirikia nini? Jumapili si walipiga makofi?"

"Jumapili mwenye shamba hakuwa amerudi akayaona yale masale yako."

Kindness alicheka, kwa kuwa alidhani anataniwa. Sifael hakucheka.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Chuo cha Kindness pale Moshi kilikuwa na mpango na halmashauri. Wanafunzi wa maendeleo ya jamii, mwaka wa tatu, walipelekwa vijijini muhula mzima. Kijiji kinachagua kazi, halmashauri inatoa vifaa, wanafunzi wanapima na kuratibu, wananchi wanatoa nguvu zao. Mkoreni walichagua maji ya zahanati. Zahanati ilikuwepo, nesi alikuwepo, vitanda vilikuwepo, lakini bomba la karibu lilikuwa juu kule kwenye chanzo, na mama akipelekwa kujifungua ndugu zake walitangulia na ndoo.

Kindness hakuhitaji kuelezwa. Anaeli mwenyewe alizaliwa katika zahanati moja ya mjini siku ambayo mabomba yalikauka, na kitu cha kwanza nesi alichomwambia mama yake Kindness kilikuwa, "Bibi, tafuta maji kwanza, mengine baadaye." Mama yake, Elinipendo, alikimbia mtaa mzima wa Pasua na dumu la kuazima. Kindness alibaki kitandani anasikiliza dumu linalokuja, linalokuja, halifiki. Kwa hiyo, walipogawiwa vijiji na mwalimu akasema Mkoreni ni maji ya zahanati, alinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kusema. Wenzake walimshangaa. Wao walitaka vijiji vya karibu na lami, na yeye mwenye mtoto wa kubeba anakimbilia mlimani.

Alipewa mwenzake mmoja, Efraimu, kijana wa Sanya Juu mwenye miguu mirefu na maneno mengi. Wakapima, wakapigilia vigingi vya miti. Wiki haikuisha, vigingi havipo. Vingine mbuzi waliviangusha, vingine vilionekana vimewasha majiko. Wakapigilia tena, vikaondoka tena.

"Aisee, hawa watu wanapika kwa mradi wetu," alisema Efraimu.

Hapo ndipo Kindness alipopata wazo, na alilifurahia sana. Ua wa ofisi ya kijiji ulikuwa wa masale, yale majani marefu ya kijani yanayoota kila mahali mlimani. Alikumbuka mama yake akisema tangu utotoni kwamba isale halichezewi, wala hutamwona Mchagga akiling'oa hovyo. Basi si ndiyo kigingi kinachotakiwa? Kigingi ambacho mtu hathubutu kukigusa! Wakakata vipande vya masale, wakaenda kuvipanda Jumamosi, siku ambayo kijiji kizima kilikuwa kwenye mazishi ng'ambo ya korongo. Mvua ilinyesha siku ile ile. Masale yakashika.

"Sasa sikiliza," alisema Sifael. "Mstari wako unapita kwa Mzee Ndelilio."

"Ndiyo, na mwenyewe aliruhusu. Kwenye mkutano alisema bomba lipite."

"Alisema lipite. Hakusema lipite wapi. Wewe umelipitisha katikati ya nyumba yake na nyumba ya shemeji yake, Mama Eunike."

"Pale pana nafasi. Hapana mgomba, hapana mbuni, hatumharibii mtu kitu."

Sifael akauliza polepole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa panapouma. "Mwanangu, umeshaona wapi mlima huu mtu akaacha ardhi tupu?"

Kindness akaanza kuikumbuka njia nzima.

Kila hatua waliyopima ilikuwa na kitu: mgomba, chini yake kahawa, chini ya kahawa maharage au magimbi, na pembeni majani ya ng'ombe. Ule ukanda peke yake ndio ulikuwa na nyasi tupu. Yeye aliuona akashukuru Mungu. Hakuuliza.

Sifael akamweleza. Mzee Ndelilio na mdogo wake waliachiwa na baba yao kihamba kimoja, shamba la urithi wa ukoo. Mdogo alipofariki, mjane wake, Eunike, aliomba sehemu yake ionyeshwe kwa mpaka, watoto wake wajue pao. Ndelilio akakataa. Kihamba cha baba hakikatwi vipande, alisema, watu watakula wote. Eunike hakutaka kula wote, alitaka kujua pake. Tangu hapo hawasalimiani, na ule ukanda katikati ya nyumba hakuna anayethubutu kuupanda kitu, maana atakayepanda kwanza ataambiwa amepora.

"Na isale," alimalizia Sifael, "ndilo mpaka wetu. Ukiona masale yamepandwa mstari, hapo kihamba kimekatwa. Mzee alikuwa Arusha kwa binti yake, anatibiwa miguu. Amerudi jana, akakuta kihamba cha baba yake kimekatwa katikati."

"Mungu wangu."

"Anasema Eunike amewatumia nyie wa chuo na serikali kumkatia. Eunike naye amejifungia ndani, anasema mzee ndiye aliyeagiza yapandwe ili kumsukuma ukutani, maana mstari umepita karibu na banda lake la ng'ombe. Na ukoo ukishakuwa na ugomvi wa mpaka, hakuna mwenye akili anayekwenda kuchimba hapo. Ukichimba umechagua upande."

Kindness aliokota sepetu. "Basi twende nikayang'oe sasa hivi."

"Kaa chini!" Sifael alisema kwa sauti iliyomwamsha Anaeli. "Ukiyang'oa peke yako ndio umemaliza kabisa. Isale la mpaka linapandwa wakiwepo wa pande zote mbili, na kung'olewa ni hivyo hivyo. Likitoka kwa mkono wa mtu mmoja, mwenzake atasema ameibiwa. Wasimame wote wawili, ndipo ling'olewe."

"Lakini hawasalimiani."

"Ndiyo nakwambia watu wanakunywa chai."

Mchana Kindness alimpigia simu Flavia, afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye ndiye aliyepigania mabomba yale halmashauri mpaka yakatoka. Flavia alisikiliza yote bila kumkatiza, kisha akapumua.

"Mdogo wangu, mabomba hayo si ya kwangu. Kuna kijiji cha jirani kimeshachimba mtaro wake mpaka mwisho, kinangoja tu. Injinia wa maji ameniuliza jana. Wiki ijayo kama hapo hakuna mtaro, lori linakuja kuyabeba. Niandike barua ya kumwamuru huyo mzee?"

"Hapana, dada Flavia. Ukiandika atasema si nilijua, ni serikali."

"Basi wewe ndiye unayejua. Mimi nimekwambia."

Efraimu, aliyekuwa amesimama karibu anasikiliza, alijaribu kumpa moyo. "We usiumie hivyo. Ripoti yetu tutaandika changamoto. Wanafunzi wote wanaandika changamoto. Mwalimu anapenda changamoto."

"Zahanati itakunywa changamoto?"

"Nimenyamaza."

"Na wewe ni wa Sanya Juu. Hukujua masale ni mpaka?"

"Kwetu tuna waya," alisema Efraimu. "Halafu ulikuwa umefurahi sana, dada. Ungekuwa unajiona. Nani angekukatiza?"

Jioni alimpigia mama yake. Elinipendo alikuwa anafunga genge lake Pasua, na Kindness alisikia mikungu ikiburutwa. Alipofika kwenye masale, mikungu ikaacha kuburutwa. Kisha mama yake akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayeshika ukuta.

"Mtoto wa kike! Umeenda kwa watu umewapandia masale uani kama unapanda maua!"

"Mama, si ulisema hayang'olewi?"

"Nilisema usichezee! Nimekulea nauza ndizi, umesoma masomo ya jioni tunagawana taa, mimi nahesabu mikungu wewe unasoma, ukaingia mpaka chuo kikuu, kumbe la isale nimekufundisha nusu." Akaacha kucheka. "Kosa hilo ni langu pia. Nilitaka ujue Kiswahili na Kiingereza, nikasema ya mlimani utayajua mbele ya safari. Sasa sikia. Usiende kwa mzee na maneno matupu. Chukua jani la isale, lifunge fundo, umpelekee kwa mikono miwili. Aliyefunga isale akaomba msamaha, mzee hawezi kumfukuza. Anaweza kumtukana, lakini si kumfukuza."

"Isale tena?"

"Isale tena. Na mtoto mpeleke. Uso wako una kiburi cha baba yako, wa mtoto hauna."

Kesho yake alianza kwa Eunike, kwa kuwa hakumwogopa kama mzee. Mama Eunike alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono mirefu na kilemba kilichofungwa kwa nguvu. Kindness alimfahamu kwa ndoo. Tangu alipohamia nyumba ya nesi alimwona akipanda na kushuka na ndoo ya bluu kichwani kila aliposikia kuna mama amepelekwa zahanati, awe ndugu yake au asiwe. Ni yeye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji, walipoulizwa wachague kazi, akasema, "Shingo yangu imechoka. Leteni maji zahanati." Watu wakacheka, kisha wakapiga kura.

Sasa alikuwa anakatakata migomba ya kulisha ng'ombe, na panga halikusimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo mtoto mbona umemfunika hivyo kama maziwa? Mtoe apate hewa."

Kindness akamtoa Anaeli, akamketisha kwenye rundo la majani. Akasema alichokuja kusema: masale ameyapanda yeye, wala hakutumwa na mtu, alitaka vigingi visivyoibiwa. Panga likapunguza mwendo.

"Si yeye?"

"Si yeye, mama. Ni mimi."

Eunike aliketi. Alimtazama Anaeli akitafuna jani la mgomba, akamtoa jani mdomoni kwa kidole bila kufikiri.

"Nikwambie kitu. Nilipotoka mazishini Jumamosi nikayaona, sikuingia ndani. Nilisimama. Nikasema, leo amekubali. Miaka yote hii, leo amekubali, kanipa mpaka wa marehemu mume wangu, na kwa vile ana aibu ametuma watu wapande mimi sipo. Nilitaka kwenda kumshukuru." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nikasogea nikaona mstari umegusa banda. Nikasema, kumbe. Kumbe ananibana. Sijatoka nje mpaka jana."

"Pole, mama."

"Hayo nimekwambia wewe na mwanao, yaishie hapa."

"Naomba uje usimame, tuyang'oe. Wewe na mzee. Ni dakika chache."

"Aje yeye kuniita."

"Na yeye akisema hivyo hivyo?"

"Basi masale yatakuwa makubwa," alisema Eunike, akaokota panga.

Mzee Ndelilio alikuwa barazani kwake, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Alikuwa mzee mnene, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka, na redio ndogo iliyokuwa inazungumza peke yake pembeni. Kutoka alipoketi, ule mstari wa masale ulionekana wote, umesimama wima, mbichi, na hakuna hata kipande kimoja kilichonyauka.

Kindness alipiga goti kidogo, akanyoosha mikono miwili. Ndani yake lilikuwa jani la isale lililofungwa fundo.

Mzee aliliangalia jani. Akaangalia mstari. Akaliangalia jani tena.

"Umeniletea isale jingine? Yale uliyopanda hayanitoshi?"

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kaa. Siwezi kukufukuza, umenifungia isale. Aliyekufundisha hilo ni nani?"

"Mama yangu."

"Na kupanda, alikufundisha nani?"

"Hakuna, babu. Hilo nimejifundisha mwenyewe."

Mzee akaguna. Akapokea jani, akaliweka juu ya redio. "Wewe ni wa wapi?"

"Pasua."

"Pasua ni mtaa, siyo ukoo. Unasema kwenu wapi?"

"Nimekulia Pasua, babu. Nimezaliwa Majengo. Mama ni wa huku mlimani, lakini alishuka zamani."

"Ndiyo maana." Alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akautazama, akaurudisha. "Mimi siyo mjinga. Nani alisimama mkutanoni akaomba maji? Eunike. Maji yamekuja na nani? Na nyie. Nyie mmelala nyumba ya nesi, Eunike yuko kwa nesi kila siku na ndoo yake. Mimi nimekwenda Arusha na miguu yangu, narudi kihamba cha baba kimekatwa, na kimekatwa palepale alipokuwa anapataka. Halafu unaniambia hukutumwa."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na yote yalielekea mahali pasipo na ukweli. Kindness alimtazama Anaeli, aliyekuwa ametambaa mpaka kwenye beseni na kutumbukiza mkono, naye mzee amelisukuma beseni kando kwa kisigino ili maji ya moto yasimuunguze. Lilibaki neno moja tu la kweli ambalo mzee hakulijua, na hilo aliambiwa yeye na mwanawe tu.

Akafikiria ndoo ya bluu. Akafikiria dumu la Pasua lisilofika.

"Babu, Mama Eunike naye alidhani ni wewe uliyeagiza yapandwe."

"Mimi?"

"Alirudi mazishini akayakuta. Akasema umekubali. Akasema umempa mpaka wa marehemu, na kwamba ulituma watu wapande asipokuwepo kwa sababu ya aibu. Alitaka kuja kukushukuru."

Mkono wa Mzee Ndelilio ukaenda kwenye redio, ukaizima.

"Kunishukuru," alisema.

"Ndiyo. Kisha akaona mstari umegusa banda, akasema unambana. Ndio akajifungia."

"Yaani huyu ananisingizia mimi, mimi namsingizia yeye, na kazi ni ya mtoto wa Pasua." Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka sawasawa. Akavua kofia yake ya sufu, akaikunja, akaivaa tena. "Mdogo wangu alikuwa anaitwa Mose. Alikuwa anapenda kukaa pale karibu na banda, jioni, anakamua huku ananipigia kelele niende nikanywe maziwa. Nyumba si mbali. Alikuwa ananipigia kelele tu."

Kindness akamvuta Anaeli karibu, mbali na beseni.

"Mwambie Sifael aje kesho asubuhi," mzee alisema mwishowe. "Na huyo mrefu mwenzako aje. Mimi nitasimama upande wangu. Kwenda kumwita mtu siendi, miguu inauma."

"Yeye anasema umwite wewe, babu."

"Hapa nilipo nikipaza sauti hasikii?"

Na kweli, asubuhi, Sifael na Efraimu walipofika na Kindness akiwa katikati ya ule ukanda na mtoto mgongoni, Mzee Ndelilio alitoka barazani na fimbo yake, akasimama pembeni mwa nyasi, akapaza sauti kuelekea bandani.

"Eunike! Njoo basi!"

Haikuwa salamu. Lakini mlango wa upande wa pili ulifunguliwa. Eunike akatoka na kilemba chake, akasimama ng'ambo ya mstari. Hawakutazamana. Eunike alimtazama Kindness, na jicho lake lilikuwa kali.

"Ulimwambia."

"Nilimwambia, mama. Nisamehe."

"Mdomo wako ni kama mfereji wa mfongo wakati wa masika. Hauna lango."

"Ndiyo, mama."

"Ng'oa, basi. Tunasubiri nini?"

Kindness akaanza juu kabisa, mzee akitembea polepole upande wake, Eunike upande wake, na Sifael nyuma yao kama shahidi. Masale yalikuwa yameshika kweli. Efraimu alilegeza udongo kwa sepetu, Kindness akavuta. Kila lilipotoka moja, Sifael alisema kwa sauti, "Limetoka, mnaona?" na wote wawili wakajibu, "Tunaona," kila mmoja akielekea kwake.

Waliongea, lakini kwa kupitia kwa watu.

"Mwambie shemeji yangu aangalie hapo, pana shimo la fuko," alisema Eunike.

"Mwambie nimeliona kabla hajazaliwa," alijibu mzee, akalikwepa.

"Amesema ameliona," alisema Efraimu, na Kindness akamkanyaga mguu.

Katikati ya njia mzee alisimama kupumzisha miguu. Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye kahawa yake, mbali na nyumba zote mbili.

"Bomba mtalipitisha kule. Kwenye kahawa yangu."

"Babu, tutakata mibuni."

"Nimesema mibuni ya nani? Ile ya juu imezeeka kuliko mimi. Mtaro ukipita kule hakuna atakayesema umemgusa." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na vigingi mtaweka vya chuma. Muombeni huyo dada wenu wa halmashauri."

Wakaendelea. Walipofika karibu na banda la ng'ombe yalibaki mawili. Kindness aliinama, akalishika la kwanza.

"Hayo acha," alisema Mzee Ndelilio.

Kindness alisimama na mikono yenye matope. Sifael aliacha kuhesabia kwa kidole. Ng'ombe bandani alivuta majani.

"Hayo mawili yameota," mzee alisema, akitazama fimbo yake. "Yasogezeni tu kidogo huku kwangu, yasiguse banda. Haya mengine, ukoo utakaa, tutaongea. Sikusema nimekata kihamba. Nimesema hayo mawili yaachwe."

Eunike aliinama mwenyewe, akachimba kwa mikono kuzunguka isale la kwanza, akalitoa na udongo wake. Akatazama mahali pa kulipeleka. Mzee akanyoosha fimbo, akagusa ardhi. Hapa. Eunike akapanda hapo. La pili vivyo hivyo. Sifael akasema, "Limepandwa, mnaona?" na wakajibu, "Tunaona." Safari hii hawakuelekea kila mtu kwake.

Jumamosi msaragambo ulijaa. Hakuna aliyetangaza upya, Sifael alipita tu nyumba mbili tatu, habari ikatembea yenyewe. Wanaume walichimba kwenye kahawa ya mzee wakitaniana kuhusu mibuni yake iliyozeeka, wanawake walibeba udongo, na Efraimu alipewa jembe lenye mpini mfupi kwa makusudi ili watu waone mgongo wake ukikunjwa. Flavia alipanda kutoka kata na buti mpya, akasimama kwenye mtaro, akampiga picha injinia wa maji aliyepanda naye, ili asije kusema hakufika. Lori la kubeba mabomba halikuja.

Kindness hakuchimba sana siku hiyo. Anaeli alikuwa na homa ya meno na hakutaka kushuka, kwa hiyo alikuwa anazunguka naye, akionyesha mstari, akirudisha vigingi vya chuma vilivyoinama. Mbele yao mtaro ulikuwa unateremka kuelekea zahanati, mwekundu, bado mfupi, lakini umenyooka.

Mchana Eunike alikuja na ile ndoo ya bluu kichwani. Watu wakadhani kuna mama amepelekwa kujifungua. Akaitua chini, akafunua jani la mgomba. Ndoo ilikuwa imejaa kiburu, ndizi na maharage, bado ya moto. Wachimbaji walipiga kelele. Eunike akapakua sahani baada ya sahani, mpaka akafika kwenye sahani moja aliyoijaza kuliko zote, akamnyooshea Kindness.

"Mpelekee shemeji. Yuko barazani, miguu yake."

Kindness alimtazama mwanawe, amelala kifuani kwake, mkono umeshika kola ya shati lake.

"Mama, mimi mikono imejaa mtoto. Mpelekee mwenyewe."

Eunike alisimama na sahani ile. Akamtazama Kindness kama mtu anayefikiria kukasirika. Kisha akaifunika kwa kipande cha jani isipoe, akaelekea chini kwenye nyumba zao. Alipofika karibu na banda hakuzunguka. Alipita katikati ya yale masale mawili, akainua gauni kidogo lisiyaguse, na kutoka barazani sauti ya redio ikazimwa.